Nilivyouzidisha Mwanga wa Mkwe Wangu

Kosa langu la kwanza lilikuwa la hesabu, na lingeweza kusameheka. La pili nililifanya nikiwa na akili zangu timamu. Hapa Kyela wengi wanalijua lile la kwanza tu, na wapo wanaonihurumia kwa ajili yake. Wanasema mzee alichanganywa na vipimo vya wazungu. Ndiyo maana naandika. Mkwe wangu alinyang'anywa usukani wa boti kwa mkono wangu, na nilikaa miezi mitano nikilijua hilo.

Karibu maisha yangu yote nimefanya kazi katika chumba cha macho cha hospitali moja ya misheni. Sikuwa daktari. Nilimaliza kidato cha nne, nikaajiriwa ufagizi, na sista mmoja mzungu akanifundisha kidogo kidogo mpaka nikawa msaidizi wa kupima. Nilipostaafu waliniita nirudi siku mbili kwa wiki, Jumanne na Alhamisi, kwa sababu ya mashine moja ambayo hakuna mwingine aliyetaka kuigusa. Tuliiita bakuli. Na ni bakuli kweli, jeupe, kubwa kama beseni la kufulia, limesimamishwa wima mbele ya mgonjwa. Mgonjwa anaweka kidevu kwenye kiegemeo, anazibwa jicho moja, anakodolea tundu la katikati, na mimi nikiwa upande wa pili namletea kidoa cha mwanga kutoka pembeni. Akikiona anabonyeza kitufe. Kisha nakififisha kidoa kwa vioo vyeusi, kimoja baada ya kingine, mpaka nipate kile hafifu kuliko vyote anachoweza kukiona mahali pale. Mwenye macho mazima anaona kidoa hafifu. Yule ambaye macho yanamfia pembeni anataka kikali.

Ukali wa kidoa tuliuandika kwa apostilbu. Ni kipimo cha zamani cha mng'ao, kimekwisha kuachwa. Daktari wetu kijana, mwenyeji wa Tanga, aliniambia yeye alikisikia chuoni mara moja tu. Siku hizi mng'ao unapimwa kwa kandela kwa mita ya mraba. Mimi sikujali. Kadi iliyobandikwa ubavuni mwa mashine ilisema apostilbu, daftari likaandikwa apostilbu. Hata weupe wa bakuli lenyewe ulikuwa na kipimo chake kwenye ile kadi: apostilbu thelathini na moja na nusu.

Sasa niseme habari za mkwe wangu, yaani baba wa mke wa mwanangu. Alikuwa nahodha wa boti ya abiria ya ziwani, iliyotoka Matema kwenda vijiji vya chini ya milima ambako gari halifiki. Tulianza kuchukiana mama yangu alipofariki. Kwetu mkwe hakosi kwenye mazishi; anakuja na watu wake, anaonekana. Yeye alifika siku ya nne, matanga yameshaanuliwa, ameshika ndoo ya samaki.

"Upepo wa mwera ulivuma siku tatu, mkwe," aliniambia. "Ningeacha abiria mawimbini?"

"Mama yangu naye hakuwa na nauli ya kukusubiri," nikamjibu.

Aliiweka ndoo chini, akaondoka bila kunywa maji. Tangu siku hiyo, akipata watu wa kuwachekesha pale Matema, aliniita Mzee wa Balbu. Nami nilimwita Mzee wa Siku ya Nne. Tulikuwa wazee wenye wajukuu wa pamoja.

Aliyeumia zaidi ni binti yake, mkamwana wangu. Aliishi kwangu kwa sababu mwanangu anafanya kazi Mbeya, na yeye alikuwa mwalimu wa hesabu na fizikia katika sekondari ya kata. Sisi tuna mwiko ambao kwa Kinyakyusa unaitwa ukutila: mwanamke hamtazami baba mkwe wake, hasemi naye, hakai naye chumba kimoja, halitaji jina lake. Nikiingia mlango wa mbele, yeye anatoka wa nyuma. Familia nyingi za siku hizi zimelegeza. Kwetu, ili mwiko ulegezwe, wakwe wa pande zote mbili wanakaa pamoja, wanakula pamoja, zawadi inatolewa, na mwanamke anaruhusiwa kusalimia. Mke wangu aliniomba nilegeze, mara nyingi. Nilikataa kwa sababu ningelazimika kuketi sahani moja na baba yake. Kwa hiyo kwa miaka sita mwalimu wa watoto mia kadhaa alikuwa bubu ndani ya nyumba yangu, na chakula chake nilikula.

Basi wenye boti wakaanza kudai cheti cha macho kwa kila nahodha. Walileta fomu mpya, na fomu ilitaka kandela kwa mita ya mraba. Ilisema wazi kwamba weupe wa bakuli uwe kandela kumi, na kwamba nahodha anayehitaji kidoa cha zaidi ya kandela hamsini pembeni mwa jicho asipewe chombo. Mtu wa kwanza kuletwa na fomu hiyo alikuwa mkwe wangu.

Alifika Jumanne, amevaa koti la kanisani.

"Ndaga, Mzee wa Balbu."

"Weka kidevu hapo."

"Hata salamu huitikii? Unanipima macho au unanipima adabu?"

"Adabu yako haihitaji mashine. Weka kidevu."

Aliweka. Kichwa chake kikiwa ndani ya bakuli, sauti ilitoka kama ya mtu aliye mtungini. "Mkwe, mnadani ng'ombe hufunguliwa mdomo. Nyie mnawatia watu kwenye beseni. Nikipona hapa nitakupa samaki."

"Wa siku ya nne?"

Alishika kitufe. Nilimpima vizuri, hilo naliapia. Sikuharakisha, sikumwonea. Mahali alipokuwa dhaifu kuliko pote, pembeni mwa jicho la kushoto, alikiona kidoa cha apostilbu mia moja. Niliandika mia moja.

Kesho yake nilikaa nyumbani mezani kwangu na daftari, fomu na simu yenye kikokotoo. Nilijua kwamba kati ya apostilbu na kandela ipo pai, ile tatu nukta moja nne ya duara. Sista aliwahi kunieleza. Nilichokuwa nimesahau ni upande gani. Nikafikiri kama ninavyofikiri siku zote. Mtu wa Kyela akibadili kipimo cha zamani kuwa cha kisasa, anazidisha. Debe la mpunga ukitaka kilo, unazidisha. Gunia la kakao, unazidisha. Ekari ukitaka mita, unazidisha mpaka karatasi ijae. Vya zamani ni vikubwa, vya kisasa ni vidogo, namba lazima iote. Haikunijia kwamba kipo kipimo cha zamani kilicho kidogo kuliko cha kisasa. Nikazidisha mia kwa tatu nukta moja nne, nikapata mia tatu kumi na nne. Kikomo kilikuwa hamsini.

Niliiangalia ile namba. Ningeweza kushtuka, maana mtu anayehitaji mwanga mkali kiasi hicho angejikwaa kwenye mlango wangu wa hospitali. Sikushtuka. Nilifurahi. Nikaijaza kwenye fomu kwa wino, nikaenda shambani kuangalia migomba.

Niliporudi mke wangu aliniletea chakula, na chini ya kawa kulikuwa na kipande cha karatasi kilichokunjwa.

"Nini hiki?"

"Kimeandikwa na yule asiye na jina humu ndani," alisema. "Alikuwa anafuta meza. Ameona hesabu yako."

"Mwambie akafundishe wanafunzi wake."

"Soma kwanza, mume wangu."

"Mkamwana ananisahihisha kazi? Kwa karatasi? Kesho atanipa viboko."

"Angekwambia kwa mdomo," mke wangu alisema. "Mdomo umeufunga wewe."

Niliitia mfukoni bila kuifungua. Alhamisi nilimpelekea daktari fomu. Alikuwa amemwangalia mkwe ndani ya macho siku ileile ya Jumanne, na aliikunja sura.

"Mzee wangu, ndani sikuona ugonjwa wowote wa maana. Na namba hii ni mbaya sana."

Niliitazama fomu.

"Haya," alisema. "Wewe bakuli hili unalijua kuliko mimi. Vipimo havidanganyi." Akatia saini, akaandika dawa ya matone ya presha ya macho, na fomu ikaenda Matema kwa mkono wa kondakta wa basi.

Ndipo nilipokaa kwenye benchi la wagonjwa nikaifungua ile karatasi. Mwandiko ulikuwa wa ubaoni, wima na safi. "Kadi ya mashine: 31.5. Fomu: 10. Ni mwanga uleule mmoja. 31.5 ukigawanya kwa 3.14 unapata 10. Ukizidisha unapata 99. Kwa hiyo 100 ni kandela 32, chini ya 50. Sijamwambia mtu."

Nilisoma mara mbili, nikaingia chumbani nikaiangalia kadi. Ilikuwa kama alivyosema. Basi lilikuwa halijafika hata Ikolo. Simu ilikuwa mkononi, namba ya kondakta ninayo, daktari yuko mlango wa pili. Ningesema maneno matatu tu: daktari, nimekosea, tugawanye. Nikawaza kwamba nikisema, mkamwana atakuwa amenishinda, na baba yake atacheka Matema nzima. Nikaikunja karatasi, nikaitia kwenye kopo la takataka pamoja na pamba chafu.

Jioni mke wangu aliuliza kama nimesoma. Nikamwambia, "Mwambie nimeona." Alimpelekea ujumbe huo. Mkamwana akaelewa kwamba nimesahihisha. Kwa nini asielewe hivyo? Alidhani anaishi kwa mtu.

Jumanne iliyofuata walikuja manahodha wengine wawili, na fomu zilezile. Niliwapima na safari hii nikagawanya. Wote wawili walifaulu. Mmoja macho yake yalikuwa mabaya kuliko ya mkwe wangu, na bado alikuwa ndani ya kikomo. Hili ndilo kosa langu la pili, na ndilo watu wengi wasilolijua. Nilikuwa nimejifunza hesabu sahihi kutoka kwa binti yake, nikaitumia kwa watu wote isipokuwa yeye.

Mkwe alivuliwa usukani wiki hiyohiyo. Kijana aliyekuwa akimfungia kamba akapewa boti, na yeye akaambiwa apakie mizigo. Nilizisikia habari hizo sokoni kwa mchuuzi wa dagaa.

"Mkwe wako amekuwa kipofu, Mzee wa Balbu," alisema.

"Uzee," nikasema. "Hauna dawa."

Nilinunua dagaa na nikaenda nyumbani nikiwa na hamu ya kula.

Ubaya ni kwamba aliamini. Mimi nilitegemea atabisha, atanitukana, ataenda hospitali nyingine. Hakwenda. Alitia matone yale asubuhi na jioni, yakamchoma. Alianza kugeuza kichwa kama kuku anapotembea, kushoto, kulia, akitafuta upande wa dunia alioambiwa umekufa. Alikuja kwangu mara moja kumwona binti yake, na kutoka barabarani hadi mlangoni alishika bega la mjukuu. Nilikuwa nimekaa kibarazani. Alipita mbele yangu, akanyanyua mguu juu sana kwenye kizingiti kifupi.

"Mimi ndugu yako sijakuona upande huo," aliniambia. "Usije ukasema nimekunyima salamu."

Nilimwona vizuri.

Mwezi wa tano wa mambo hayo, shule zilipofungwa, niliingia ndani kutoka uani nikakuta mkamwana ameketi kwenye kiti changu, daftari la hospitali limefunguliwa mbele yake. Nilikohoa kama kawaida ili apate nafasi ya kutoka. Hakutoka. Aliinua uso akanitazama machoni.

"Shikamoo, baba."

Miaka sita sikuwahi kusikia sauti yake ikielekezwa kwangu. Nilidhani ni nyembamba. Ilikuwa nzito kidogo, sauti ya mtu aliyezoea kusikika hadi nyuma ya darasa.

"Toka," nilisema.

"Nitatoka. Ukurasa huu umegawanya, baba. Na huu umegawanya. Huu wa baba yangu umezidisha, na haujafutwa mpaka leo. Uliniambia umeona. Uliona nini?"

"Unajua unachokifanya? Unajua faini ya kuvunja mwiko ni ng'ombe?"

"Najua. Mtanitoza. Lakini tarehe hizi ni za Jumanne, na Jumanne iliyofuata. Katikati nilikuandikia. Kwa hiyo ulisoma." Aligeuza daftari likanielekea. "Kama ungekosea kote ningekuonea huruma. Mwanafunzi anayekosea kote hajaelewa. Wewe umeelewa."

Mke wangu alikuwa amesimama mlango wa jikoni na mwiko wa ugali mkononi. Nilimtazama ili amtoe. Alisema, "Mjibu mwalimu."

Nilisema maneno mengine, juu ya heshima, juu ya kwao, juu ya mama yangu na siku ile ya nne. Niliyasema kwa sauti kubwa. Aliyasikiliza yote bila kuinamisha macho, na nilipomaliza akafunga daftari.

"Basi kesho Alhamisi utampelekea daktari, au nitampelekea mimi," alisema. "Na nahamia nyumba za walimu. Mwanao nimeshampigia." Akatoka kwa mlango wa mbele.

Nilimpelekea mwenyewe. Ningependa kuandika kwamba dhamiri ilinisukuma. Nilimwogopa.

Daktari alisoma kurasa tatu, moja baada ya nyingine, kisha akazirudia.

"Nimempa mtu dawa ya ugonjwa asio nao," alisema. "Miezi mitano, mzee wangu. Saini ni yangu."

"Nilikosea hesabu."

"Ukurasa wa pili hukukosea."

Aliagiza mkwe aletwe, na akampima yeye mwenyewe, akisoma maelekezo ya mashine kwa kidole. Mimi nilikaa nje kwenye benchi na wagonjwa. Kidoa kilikuwa kilekile, apostilbu mia, kandela thelathini na mbili. Daktari alitoka akaniambia nirudishe ufunguo wa chumba, na kwamba atampa mkwe cheti, lakini maelezo nitaandika mimi kwa mkono wangu na nitayapeleka Matema mimi. "Siyapeleki mimi maneno yako," alisema.

Nilikwenda Jumamosi. Boti ilikuwa inapakia, na mkwe alikuwa ndani ya maji hadi magotini, gunia la mchele begani. Abiria walikuwa wamejaa mchangani na mabeseni yao. Nilimnyooshea bahasha.

"Sina miwani," alisema. "Na macho yangu, si unayajua? Nisomee."

"Twende pembeni, mkwe."

"Pembeni sioni. Uliandika wewe. Soma hapahapa."

Watu walicheka. Alilishusha gunia kwenye boti, akarudi, akasimama mbele yangu maji yakimchuruzika. Nilisoma. Nilikuwa nimeandika kwamba nilizidisha mahali pa kugawanya, kwamba nilijulishwa siku ya pili, kwamba sikurekebisha. Sentensi ya mwisho niliisoma kwa sauti ndogo.

"Hiyo ya mwisho rudia," alisema. "Kuna wazee hapa, hawasikii."

Nilirudia. Hakuna aliyecheka tena. Mama mmoja aliyekuwa na mtoto mgongoni alisema, "Lo, mkwe wako mwenyewe," akasogea mbali nami kana kwamba nina harufu.

Mkwe alichukua karatasi kutoka mkononi mwangu, akaikunja, akaitia ndani ya kofia yake ili isilowe. "Ulipokuwa unaniona nashika bega la mtoto," aliniuliza taratibu, "ulikuwa unafikiri nini?"

Nilimwambia kweli. Nilimwambia kwamba nilikuwa nafurahi.

Alitikisa kichwa polepole, mara kadhaa. "Nenda," alisema. "Nenda kabla sijakumbuka kwamba nina mikono."

Wenye boti walimrudishia usukani wiki mbili baadaye. Yule kijana alirudi kwenye kamba zake, na nasikia naye ananilaani. Ng'ombe wa mwiko sikumdai; mke wangu alisema nikimdai atakwenda kuishi nyumba za walimu na yeye. Mkamwana tukikutana barabarani ananisalimia wazi, "Shikamoo, baba," mbele ya watu, kwa sauti ileile ya darasani, na hasubiri niitikie.

Mwezi uliopita nilikuwa na msiba wa ndugu katika kijiji kimoja kule chini ya milima. Njia ni ya maji tu. Nilifika Matema mapema, nikakata tiketi, nikakaa mchangani na wengine. Walipoanza kupanda, mkwe alisimama mbele ya boti akihesabu vichwa kwa kidole. Kilipofika kwangu kidole kilinivuka, kikahesabu mtu wa nyuma yangu.

"Mzee, wewe hupandi?" aliniuliza yule kijana wa kamba.

"Huyo haendi," mkwe alisema bila kugeuka.

Boti ikaondoka. Nilifika msibani siku iliyofuata, kwa mtumbwi wa kukodi, wameshazika.